Kalenda ya Kitinda Mimba

Niliisikia kabla sijaiona. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Ganako tangu alfajiri, mzito kiasi kwamba mbaazi za mwisho wa shamba zilikuwa zimefutika, na ndani ya ukungu huo kitu kilikuwa kinapanda kutoka upande wa Endamarariek kikikohoa. Kilikohoa, kikanyamaza, kikakohoa tena. Cheni iliyolegea ilikuwa inagonga chuma, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira kwenye nyumba asiyotaka kuingia. Mama alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa kutoka ubavuni mwa ng'ombe. Alisema tu, kwa Kiiraqw, kwamba ikiwa hiyo ndiyo pikipiki niliyoinunua, heri ningenunua punda, maana punda akichoka anarudi nyumbani mwenyewe.

Aliyeileta alikuwa bwana shamba mstaafu, mzee mwembamba aliyeiendesha miaka mingi akikagua mahindi ya watu. Ilipotokea kwenye ukungu niliona ilikuwa nyekundu zamani, sasa ina rangi ya udongo wetu tu, kiti chake kimeshonwa kwa uzi wa magunia, na ina kioo kimoja cha pembeni. Mzee alinikabidhi ufunguo na kadi, akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema kwamba gia ya tatu haiingii mpaka uitukane. Niliipenda pikipiki ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoa kitabu kimoja chembamba cha hadithi, na nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Arusha, ambako kwa miaka mitatu nilikaa na kundi la vijana waliokutana kila Jumamosi kusomeana walichoandika. Huko tulikuwa tumekubaliana, kwa sauti kubwa na chai nyingi, kwamba riwaya ya nchi hii haiwezi kuandikwa na mtu aliyekaa. Nami nilikuwa nimesimama mbele yao nikaapa kwamba nitazunguka nchi mwaka mzima kwa pikipiki, na nitarudi na riwaya.

Jioni hiyo nilishusha ukutani kalenda ya duka la pembejeo, yenye picha ya hindi kubwa kuliko hindi lolote lililowahi kuota Ganako, nikaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Nilichora vyumba kumi na viwili, nikaanza kuujaza mwaka wangu. Mwezi wa kwanza: geti la Ngorongoro, ukingo wa kreta, kushuka Malanja, kukatiza tambarare hadi Loliondo, ambako rafiki yangu wa bwenini, mfugaji sasa mwenye ng'ombe wengi kuliko vitabu vyangu, aliniahidi mbuzi. Mwezi wa pili: kurudi kwa Mang'ola, mashamba ya vitunguu, ziwa Eyasi. Mwezi wa tatu: Mbulu, Hanang, Singida. Mwezi wa nne mvua zingekuwa kubwa, kwa hiyo ningepanga chumba Dodoma na kuandika. Kisha Tabora, kisha Kigoma, kisha kusini yote. Niliandika kwa kalamu ya wino kwa sababu penseli ilionekana woga. Nilipomaliza niliitundika kalenda ukutani upande uliogeuzwa, na hindi likabaki linatazama tope la ukuta.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana ni ugomvi wa pikipiki tu. Mimi ni kitinda mimba. Kati yangu na kaka yangu wamo dada watatu, wote wameolewa mbali. Kwetu watoto wa kiume wakubwa hutoka. Kila mmoja hupewa kipande chake cha shamba na kujenga boma lake. Wa mwisho hatoki. Nyumba ya baba huwa yake, na mama aliyemo humo huwa wake kumtunza mpaka mwisho. Hakuna anayeandika hilo popote, na hakuna anayekuuliza kama unataka. Baba alipofariki, kiti chake cha mbao kilisogezwa upande wangu wa sebule bila mtu kusema neno. Sikuwahi kukikalia. Nilipanga vitabu vyangu juu yake.

Nilijiambia kwamba mwaka mmoja si kuondoka. Mama alikuwa na nguvu zake, ana ng'ombe wake wawili, ana redio. Yeye mwenyewe hakuwa amesema chochote kuhusu kalenda zaidi ya kuuliza mwezi wa nane atavuna mbaazi na nani.

Kaka yangu ni dereva wa watalii. Amelifanya jua la Serengeti kuwa kazi yake tangu kabla sijajua kusoma. Nyumba yake iko mjini, karibu na lami, ina vigae na geti la chuma, na kila Jumapili asiyokuwa safarini alikuja Ganako na sukari na mchele, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kigoda hicho ni cha wageni wanaopita. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye makochi mazuri kwake huja kukaa kwenye kigoda kwetu.

Jumapili ile alisimama mbele ya kalenda muda mrefu. Alisoma kwa kidole, mwezi baada ya mwezi, kama anavyokagua tairi. Hakuwa amewahi kusoma kitabu changu; aliwahi kukipima mkononi na kusema ni chepesi. Nilijiandaa kwa dhihaka. Badala yake kidole chake kilirudi mwezi wa kwanza, akaniuliza kama kweli nitapita getini na pikipiki. Nikasema ndiyo. Akanitazama. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa geni usoni mwake kiasi kwamba nilishindwa kulisoma.

"Wewe ni mwenyeji, dogo," akasema. "Chukua barua ya mwenyekiti wa kijiji. Watakupitisha."

Nilimwamini. Leo hili linanichoma kuliko yote. Nilimwamini kwa sababu alikuwa amepita geti lile mara nyingi kuliko alivyopita mlango wa kanisa, na kwa sababu mimi sikuwahi kulipita. Wageni wanaokuja Karatu hushangaa wakiambiwa hivyo. Sisi tunaishi chini ya mlima huo. Tunaona mawingu yakimwagika kutoka msituni kila asubuhi. Tunajua magari ya watalii kwa mlio, tunajua msimu umechanganya kwa idadi ya wazungu wanaonunua ndizi njia panda. Lakini wengi wetu hatujaingia. Darasa letu lilipelekwa mara moja. Siku hiyo mimi nilikuwa na surua, nimelala nimefunikwa shuka, na wenzangu wakarudi na simba vinywani mwao kwa muhula mzima. Ngorongoro kwangu ilikuwa kama chumba cha wazazi: iko ndani ya nyumba yako, na huna haja nayo mpaka siku unaposukuma mlango.

Mwenyekiti aliandika barua bila kuuliza, kama wenyeviti wanavyoandika, akaigonga muhuri. Ilisema mimi ni mwenyeji wa Ganako, Karatu, mwenye tabia njema.

Niliondoka siku ya Alhamisi, mwanzoni mwa mwaka. Begi la nguo nilikuwa nimelifunga kwenye karia kwa mpira, daftari mbili ndani ya mfuko wa plastiki, na glavu za ngozi nilizonunua mtumbani Arusha. Mama alinitemea baraka kwa Kiiraqw, fupi, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Njia panda, kwenye kijiwe cha bodaboda, nilisimama kuweka mafuta. Walikuwa sita au saba, wamekaa juu ya pikipiki zao na makoti mazito. Mmoja aliyesoma nami shule ya msingi aliuliza ninaelekea wapi. Nikamwambia Loliondo. Akauliza kwa njia ipi. Nikasema getini.

Walitazamana. Niliuona mtazamano ule. Niliuona vizuri kabisa, na nikautafsiri kuwa wivu. Aliyeniuliza akawasha sigara, akasema taratibu nimsalimie simba. Hakuna aliyeongeza neno. Nimefikiri sana juu ya kimya chao tangu siku hiyo, na sina haki ya kuwachukia kama ninavyotaka. Miezi miwili nilikuwa nikipita pale na glavu zangu bila kusimama, nikiwapungia mkono kama mbunge.

Barabara inayopanda kwenda getini ni nzuri kupita kiasi kwa pikipiki mbovu. Kahawa pande zote, halafu ngano, halafu ghafla msitu unasimama mbele yako kama ukuta. Gia ya tatu niliitukana kwa lugha tatu. Nilikuwa naimba. Ukungu ulishuka nikaingia ndani yake, baridi ikapenya glavu, na nilikuwa tayari natunga sentensi ya kwanza ya riwaya, sentensi yenye ukungu na ngurumo, wakati geti lilipotokea.

Kulikuwa na foleni ya magari ya watalii. Wageni walikuwa wameshuka, wanapiga picha za nyani waliokaa juu ya paa za magari. Madereva walisimama kando na vikombe vya chai wakisubiri vibali vyao. Nilipita kando ya foleni hadi kwenye kizuizi, nikazima, nikavua kofia. Askari alitoka kwenye kibanda chake. Alikuwa mtu mzima, hana haraka.

"Hii unaipeleka wapi?"

"Loliondo, afande."

Nikampa barua. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kingine, akaisoma tena.

"Hapa panasema wewe ni mwenyeji wa Karatu."

"Ndiyo."

"Basi Karatu iko hapo nyuma yako." Alinirudishia barua kwa adabu iliyoniumiza kuliko ningefokewa. "Pikipiki haipiti hapa, kijana. Humo kuna tembo, kuna nyati, kuna chui anayevuka barabara mchana. Hakuna aliyekuambia?"

Madereva walikuwa wamegeuka kututazama. Nilisema kwamba kaka yangu ni dereva wa njia hii na ndiye aliyeniambia nitapita. Askari akauliza ni dereva yupi. Nikageuka kutafuta mtu wa kumwelezea, na nikamwona mwenyewe. Alikuwa magari matatu nyuma, ameegemea boneti ya gari lake la kijani, kikombe mkononi, kofia yake ya kazi kichwani. Alikuwa amesimama pale muda wote. Alikuwa ameniona nikipita kando yake nikiimba.

Askari akapaza sauti kidogo. "Dereva, huyu ni mdogo wako?"

Kaka yangu alinitazama kama anavyowatazama nyani walio juu ya gari la mtu mwingine. Akanywa chai. Akameza.

"Mdogo wangu yuko nyumbani na mama," akasema.

Madereva walicheka. Hawakucheka sana, walikuwa kazini. Yeye hakucheka. Alimwaga masalia ya chai kwenye majani, akawaita wageni wake kwa Kiingereza chake cha upole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, akawafungulia milango mmoja mmoja. Kizuizi kikainuka. Gari lilipita karibu na goti langu. Mama mmoja wa kizungu alinipungia mkono dirishani, kisha akanipiga picha, mimi na pikipiki yangu na barua yangu yenye muhuri. Mahali fulani duniani picha hiyo ipo. Kaka alitazama mbele.

Niligeuza. Kushuka hakuhitaji gia ya tatu.

Njia panda nilizisikia kabla sijafika: pikipiki zikilia bure, zikipewa mafuta papo hapo, kama shangwe. Walikuwa wamejipanga pande mbili za barabara. Mmoja aliniuliza nimeona simba wangapi. Mwingine akamjibu kwa niaba yangu kwamba nimeona geti, na geti lenyewe limeniona. Yule niliyesoma naye alisema, bila kucheka, "Mwandishi, uliza siku nyingine. Kuuliza ni bure." Nilitamani kumpiga. Nilipita na glavu zangu.

Mama alikuwa anapepeta maharage uani. Aliniuliza kwa Kiiraqw nimesahau nini. Nikasema sijasahau kitu. Akaendelea kupepeta.

Nilimpigia rafiki yangu wa Loliondo kumwambia mbuzi asimchinje. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza ni nani aliyenipa njia ile, maana kwao hata watoto wa kuchunga wanajua. Alinielekeza nizunguke: nishuke Manyara, nipite Mto wa Mbu, Engaruka, pembeni mwa ziwa Natron, nipande kwa Wasonjo. Ni mbali, alisema, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno ya nyuma, lakini hakuna wa kukurudisha. Nilimsikiliza bila kuandika. Wakati huo sikutaka njia. Nilitaka Jumapili ifike.

Kwa siku tatu nilitengeneza hasira yangu kama watu wengine wanavyotengeneza hotuba ya harusi. Nilichagua maneno. Nilifuta mengine. Nilikuwa na sentensi moja kuhusu Kaini niliyoiona ni nzuri sana.

Alikuja baada ya ibada, na sukari, na mchele. Akakaa kwenye kigoda. Mama akamimina chai. Sikumwachia hata anywe. Nilisimama chini ya kalenda nikamwambia yote: kwamba alijua, kwamba aliniacha niandike, niape, nikachukue barua, nipande mlima, kwamba alinikana mbele ya watu. Sentensi ya Kaini ilinitoka vibaya, katikati, bila kitenzi.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema hakunikana. Alisema kilichokuwa kweli: mdogo wake yuko nyumbani na mama. Yule wa getini hakumjua.

Nikamwita mwoga. Nikamwambia ananionea wivu kwa sababu yeye amezunguka miaka yote akiwa mtumishi, akisimama watu wengine wanaposema simama.

Hapo ndipo aliposimama. Hakupaza sauti. Alizungumza akitazama sakafu ya udongo, kama anasoma kitu kilichoandikwa pale.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Nimeoa masika yale, mke wangu mjamzito. Nikamwomba baba tukae humu mpaka mvua zipite. Miezi mitatu tu. Unajua aliniambia nini? Aliniambia nyumba hii ina mwenyewe. Nikamuuliza nani. Akaonyesha tumbo la mama."

Mama alikuwa ameshika birika. Hakulitua.

"Ulikuwa hujazaliwa, dogo. Walikuwa hawajui hata kama wewe ni wa kiume. Mimi nikatolewa kwa ajili ya tumbo. Tulilala kibanda cha mabati pale barabarani, mvua zote, na mtoto wetu wa kwanza tukamzika huko huko." Akainua macho. "Na sasa wewe uliyepewa kila kitu kabla hujajua kulia, unakiacha kwa ajili ya kutembea. Nilitaka urudishwe. Nilitaka urudishwe mahali pa kwanza kabisa, wanaume wakiangalia, ili usijaribu tena."

Sikuwa nimewahi kuzisikia habari za mtoto huyo. Nilipaswa kunyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini nilikuwa na hasira ya siku tatu iliyobaki mkononi, na kijana anayejiona mwandishi hawezi kuona kimya bila kutaka kukijaza. Niliona njia ya kumshinda kwa ukarimu. Nikaondoa vitabu vyangu kwenye kiti cha baba, vyote, nikavibwaga chini, nikakisukuma kiti kuelekea kwake.

"Basi ichukue," nikasema. "Nyumba, ng'ombe, shamba, kiti. Mimi sitaki. Chukua vyote vilivyomo."

Kuku mmoja aliingia, akatoka. Nilidhani kaka atanipiga, na nilikuwa tayari. Lakini kaka hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama, na uso wake ulikuwa umebadilika kuwa uso wa mtu anayeona gari likiteleza na hawezi kulifikia.

Kwetu nyumba hutolewa na aliyekufa au aliye tayari kufa. Haitolewi na mtoto, mchana, mwenyewe akiwa ameshika birika. Nilikuwa nimegawa nyumba ya mama akiwa ndani yake, kama vile naye ni sehemu ya vilivyomo.

Mama alitua birika. Akakusanya vikombe, hata kile ambacho kaka hakuwa amekigusa, akavipanga kwenye sinia. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Mimi pia nimo."

Lazima niseme kwamba mama hazungumzi Kiswahili nasi. Kiswahili chake ni cha mnada na cha ofisi ya kata, cha kuwajibu watu wa sensa. Ni lugha anayoivaa akitoka. Tangu tuzaliwe, humo ndani alitukemea kwa Kiiraqw, alituombea kwa Kiiraqw, alitulilia kwa Kiiraqw. Mimi na kaka tulisimama pale tukiwa upande mmoja kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Kaka aliokota kofia yake. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, bila chuki hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi, "Umefanya nini, dogo."

Kuanzia siku hiyo mama alizungumza nami kwa Kiswahili. Asubuhi: chakula kipo mezani. Jioni: maji ya kuoga yako tayari, kijana. Hakunikasirikia. Hakunisukuma. Alinihudumia kama mpangaji anayelipa kwa wakati. Nilimjibu kwa Kiiraqw, nikamwita kwa majina yote ya utotoni, na yeye akanijibu kwa ile lugha ambayo mimi ninaipenda kuliko pumzi, lugha niliyoisimamia Jumamosi nyingi nikisema ina joto kuliko zote. Mdomoni mwake ilikuwa baridi kama kitasa cha benki.

Siku ya nane nilishusha kalenda ukutani. Nilikuwa nimeamua kubaki. Nilimkuta jikoni, nikamwambia sitakwenda popote, nitavuna mbaazi mwenyewe, nitaiuza pikipiki. Nilikuwa na machozi na nilitaka ayaone. Alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.

"Ukibaki," akasema kwa Kiswahili chake cha kata, akiyatafuta maneno moja moja, "kila siku nitaiona hiyo pikipiki usoni kwako. Mimi sikuomba mtu wa kunitunza. Baba yako aliomba. Nenda."

Nilisubiri aongeze kitu. Alipuliza moto.

Kwa hiyo nilikata mwezi wa kwanza kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake Mto wa Mbu, Engaruka, Natron, Loliondo. Ukurasa haukuwa mzuri tena. Kwenye kijiwe nilisimama, nikazima pikipiki, nikavua glavu, nikauliza kuhusu mchanga wa Engaruka. Walinijibu. Walinitukana kwanza, kwa muda wa kutosha, halafu yule niliyesoma naye akashuka kwenye pikipiki yake, akaikaza cheni yangu mwenyewe, akasema nikifia huko nisimtaje.

Niliondoka Jumatatu kukiwa kumepambazuka, hakuna ukungu. Nilipokuwa nafunga begi kwenye karia nilisikia maziwa yakipiga ndoo zizini, na haikuwa mikono ya mama. Mama hukamua haraka. Nikachungulia. Kaka yangu alikuwa amechuchumaa kwenye nafasi iliyopaswa kuwa yangu, na shati lake la kazi, paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Kumbe tangu Jumapili ile alikuwa anakuja kila asubuhi kabla ya kazi, akiniacha nimelala. Alijua nimesimama pale. Ng'ombe alijua, aligeuza sikio. Kaka hakugeuka. Nyumba aliyoitaka kwa miaka yote ilikuwa imemrudia kama kazi ya alfajiri, na alikuwa anaikamua kwa hasira, akimwaga povu nje ya ndoo.

Niliingia sebuleni kuaga. Vitabu vyangu vilikuwa bado chini nilipovibwaga; mama alikuwa akifagia kando kando yake. Kiti cha baba kilikuwa katikati ya chumba, pale pale nilipokisukuma, si changu wala si cha kaka. Yeye alisimama karibu na mlango, kanga mabegani. Nilimwambia kwa Kiiraqw kwamba nitampigia simu nikifika kila mji. Nikamwomba baraka. Nilisogeza kichwa kama tunavyofanya, nikainama, nikangoja mate yake mepesi kwenye paji la uso.

Nilingoja mpaka shingo ikauma.

Nilipoinuka alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, ameufungua wote kwa ajili yangu, kama anavyowafungulia watu wa sensa. Nikatoka. Nilikuwa bado kwenye ngazi, mguu mmoja hewani, niliposikia sauti yake nyuma yangu, ya adabu, kwa Kiswahili chake cha kata.

"Karibu tena," akasema.

Akafunga mlango, na ndani nikasikia komeo likiingia mahali pake.